Leteni Kabla ya Jumapili

Leo nataka tuzungumze juu ya watu wanaoandika hadithi kila wiki kwa sababu tu kuna mwenzao amewapa neno moja, au picha moja, akawaambia: leteni kabla ya Jumapili. Hawalipwi. Wengi wao hawajatoa kitabu hata kimoja. Ni manesi wa zamu ya usiku, walimu wenye marundo ya madaftari ya kusahihisha, wanafunzi wa vyuo, mafundi simu, akina mama ambao nafasi yao ya kwanza ya kukaa kitako hupatikana saa nne za usiku, watoto wakishalala. Wanakutana mtandaoni. Wengine huandika kwa Kiingereza pamoja na watu wa nchi za mbali wasiojuana sura, na wengine huandika kwa Kiswahili katika makundi ya WhatsApp na Facebook. Vijana huita jambo hili chalenji, nami nitaliita hivyohivyo.

Utaratibu wake hauna mambo mengi. Anayeendesha chalenji hutoa kidokezo: picha, neno, au sentensi ya kuanzia. Huweka kikomo cha maneno na siku ya mwisho. Kila mshiriki huandika chake, hukiweka mahali ambapo wote wanakiona, kisha huwasoma wenzake na kuwapa maoni. Wiki ikigeuka, kidokezo kingine. Chalenji moja ya Kiingereza iliyodumu miaka mingi, Friday Fictioneers, hutoa picha moja kwa wiki na kutaka hadithi isiyozidi maneno 100, yenye mwanzo, kati na mwisho. Hakuna kombe wala hundi.

Wapo wanaoniuliza: hayo yanamsaidia nini mtu anayetaka kuwa mwandishi? Si afadhali ajifungie ndani, aandike riwaya yake? Nami huwajibu kwamba chalenji ya kila wiki ni shule ninayoiamini, ila elimu yake kubwa haimo katika kuandika. Imo katika kuwasoma wenzako walioandika juu ya jambo lilelile ulilopewa wewe. Anayeweka hadithi yake na kuondoka mbio ameacha darasani kile alichokifuata.

Nitoe mfano. Tuseme picha ya wiki ni kiatu kimoja cha mtoto, kimebaki kwenye ngazi ya boti bandarini Zanzibar. Washiriki ni thelathini. Naamini wengi wao watamzamisha mtoto huyo. Siwalaumu hata kidogo. Sisi wa mwambao hatuwezi kuona boti na kiatu bila mwenyewe tusikumbuke kuzama kwa MV Spice Islander, Septemba 2011, na kwa MV Skagit, Julai mwaka uliofuata. Misiba hiyo bado tunayo. Lakini wazo hilo, kwa kuwa limetujia sote, ndilo la kwanza kufika kwa kila aliyeitazama picha, na mwandishi aliyetosheka nalo amewaandikia watu kitu walichokuwa nacho kabla hajaanza.

Sasa mshiriki mmoja ameketi na picha siku ya pili. Amejiuliza: na kama mtoto yu salama kabisa? Akamwona mama anayetoroka ndoa ya vipigo, amepanda boti ya alfajiri, buibui limeshuka mpaka machoni, mtoto yuko kifuani. Kiatu kimedondoka, naye amekiona kikidondoka, na hawezi kurudi kukiokota kwa sababu karani wa tiketi anajuana na shemeji yake. Hapo tayari pana hadithi. Mwingine akangoja siku ya tatu, akamwacha mama na mtoto wote wawili, akamtazama mchukuzi wa mizigo anayekiokota kile kiatu. Mchukuzi anakigeuza, anasoma namba iliyo chini ya soli, na hapohapo anatambua kwamba ana binti Pemba, na hajui binti yake anavaa kiatu namba ngapi.

Msikilizaji, hakuna mhadhara juu ya ubunifu utakaomfundisha yule wa kwanza kama hadithi hizo mbili zitakavyomfundisha. Hakuna aliyemwambia kuwa kazi yake ni ya kawaida. Ameisoma ya kwake, kisha akakuta watoto wengine kadhaa wamezama kama wa kwake, kwa maneno yaleyale na machozi yaleyale, halafu akamkuta mchukuzi na kile kiatu mkononi. Wiki ijayo, wazo la kwanza likimjia, atalipokea kwa heshima na kuliweka kando, angoje la pili na la tatu. Mtu anayeandika peke yake chumbani hana wa kujilinganisha naye kwa namna hiyo. Akisoma riwaya ya bingwa, bingwa aliandika juu ya jambo jingine, katika wakati mwingine, na kwa miaka. Hapa wote mmepewa kiatu kimoja.

Niseme kidogo juu ya kikomo cha maneno, maana wapo wanaokiona kama kifungo. Hadithi ya maneno 100 kamili ina jina kwa Kiingereza, drabble. Ilikuzwa na wapenzi wa hadithi za kisayansi katika Chuo Kikuu cha Birmingham huko Uingereza, miaka ya 1980, na jina hilo walilitoa katika kitabu cha mwaka 1971 cha wachekeshaji wa Monty Python. Mwaka 1988 kikatoka kitabu kizima, The Drabble Project, chenye hadithi 100 za maneno 100 kila moja. Kwa aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili hilo haliwezi kuwa jambo la ajabu. Ubeti wa shairi letu la kawaida una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane huku na nane kule, na vina vikae mahali pake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliutumia ukubwa huohuo kwa mambo yote ya mji wake: uhasama wa ukoo wa Mazrui na Sultani Seyyid Said, mapenzi, ukata, kejeli kwa mahasimu. Hakuomba nafasi zaidi.

Kikomo humlazimisha mwandishi kuamua. Hadithi nyingi za wanaoanza hufunguka kwa kuamka asubuhi, jua kuchomoza, ndege kuimba, na mhusika kupiga mswaki. Ukiwa na maneno 100, mswaki unakula sita, ndege wanakula nane, na mchukuzi bado hajafika bandarini. Basi unawafukuza ndege. Baada ya miezi kadhaa ya kuwafukuza, hata ukiandika sura ya kurasa ishirini huwaalikii tena bila sababu.

Na ninyi mnaoendesha chalenji za Kiswahili, nina neno nanyi. Msichukue hesabu za Kiingereza kama zilivyo. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na hata masharti katika neno moja: asingalimwambia, tusipowaona, alipompelekea. Maneno 100 kwetu ni uwanja mpana. Jaribuni 70. Hadithi haitaumia, na wenye bando dogo watasoma nyingi zaidi kwa siku moja.

Kuhusu siku ya mwisho, chalenji ninayoipenda kuisimulia haikuwa na mtandao wala umeme. Ilikuwa mwaka 1816, kando ya ziwa Geneva, Uswisi. Kiangazi cha mwaka ule Ulaya kilikuwa cha baridi na mvua, kwa sababu mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, na majivu na gesi zake angani yakapunguza joto la jua. Katika jumba liitwalo Villa Diodati alikaa mshairi Lord Byron, na wageni wake walikuwa wamefungiwa ndani na mvua. Wakawa wanasoma hadithi za mizimu. Byron akapendekeza: kila mmoja wetu aandike ya kwake.

Walikuwamo humo washairi wawili wenye majina, Byron mwenyewe na Percy Shelley. Wote wawili walianza, wakaacha. Alikuwamo daktari wa Byron, kijana John Polidori, na msichana wa miaka 18 aitwaye Mary, ambaye baadaye mwaka huohuo aliolewa na Shelley. Mary ameeleza mwenyewe kwamba kila asubuhi aliulizwa kama amepata hadithi, na kila asubuhi alilazimika kujibu kuwa hajapata, akaona haya. Hakukimbia. Hatimaye usiku mmoja akakipata alichokuwa akikitafuta, akaanza kuandika, na Januari 1818 kikachapishwa kitabu Frankenstein, ambacho hadi leo kinachapishwa na kugeuzwa filamu. Polidori naye aliokota kipande cha hadithi alichokitupa Byron, akakifanya The Vampyre, kilichotoka mwaka 1819, na hadithi za mnyonya damu mwungwana anayeingia majumba ya watu wa tabaka la juu zimefuata nyayo zake tangu hapo.

Nayapenda mambo mawili katika kisa hicho. La kwanza ni kwamba waliofika mwisho walikuwa wale wasiojulikana. La pili, ambalo watu wa chalenji hulisahau, ni kwamba Mary hakuishia palepale. Alidhani ana hadithi ya kurasa chache, mumewe mtarajiwa akamhimiza airefushe, naye akaifanyia kazi kwa miezi hadi ikawa riwaya. Kidokezo kilimpa mbegu, na palizi akafanya mwenyewe. Kwa hiyo, ndugu yangu unayeshiriki kila wiki, yale maneno yako 100 usiyaache yapotelee katika kundi la WhatsApp chini ya salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja. Yaweke kwenye daftari au faili lako. Kila baada ya muda yapitie, uone lipi linakuita urudi.

Sasa nifike kwenye kusoma na kujibu, maana hapo ndipo tuna urithi mkubwa na ndipo tunapoutumia vibaya. Washairi wetu walikuwa wakijibizana tangu zama za Muyaka. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, likawapa washairi ukumbi: mmoja anatoa fumbo kwa beti, majibu yanakuja kwa posta kutoka miji mingine, kwa bahari na vina vilevile, na ubishi unaweza kuendelea toleo hadi toleo. Mshairi Mathias Mnyampala akaikuza ngonjera, watu wakasimama jukwaani wakabishana kwa mashairi. Redio nayo ikawa na vipindi vya malenga, na watu walikuwa wakiacha shughuli zao kusikiliza nani kamjibu nani. Katika majibizano hayo hukuweza kumjibu mtu bila kumsoma kwanza. Ulilazimika kuijua hoja yake, kuhesabu mizani yake, na kumkamata alipoteleza. Huko kulikuwa kusoma kwa makini kuliko kunakofanyika katika madarasa mengi.

Leo jibu halingoji posta. Lakini tazama majibu yenyewe. Mtu ameweka hadithi aliyoitolea jasho kwa siku tano, na chini yake anapata viganja vya makofi, moto, mioyo, “hongera sana”, “kazi nzuri”, “umetisha”. Wema wa watu hao siukatai, na faraja ina thamani yake kwa aliyeandika kwa hofu. Ila mwandishi huyo hajui zaidi ya alivyojua jana. Hajui kama mwisho ulieleweka, au kama jina la mhusika lilichanganya, wala kama msomaji alichoka katikati.

Maoni yanayofaa hayahitaji shahada. Chagua mahali pamoja tu katika hadithi, useme kilichokutokea uliposoma hapo. Mwambie: “Pale mchukuzi aliposoma namba ya kiatu, nilisimama. Ila sentensi inayofuata inanieleza kuwa alihuzunika, nami nilikuwa nimeshahuzunika, ningeiondoa.” Au: “Sikujua kama anayezungumza ni mama au karani, nikarudi juu kusoma tena.” Umempa mwenzako kitu anachoweza kukifanyia kazi kesho asubuhi. Na wewe mwenyewe, kwa kule kutafuta mahali pamoja pa kusema, umejifunza kutazama. Utaigeukia hadithi yako kwa jicho hilohilo.

Ipo na tabu yetu ya heshima, nayo tuiseme wazi. Katika makundi ya Kiswahili hukaa pamoja malenga wa miaka sabini na kijana wa kidato cha nne. Kijana huona mzee amekosea vina, au hadithi yake imegeuka mawaidha, akaandika “shikamoo mwalimu, tumejifunza mengi”. Mzee naye humsahihisha kijana sarufi tu, ngeli na herufi, asiiguse hadithi. Wote wawili wanakosa. Adabu yetu haikukataza kumweleza mkubwa. Ilitufundisha namna ya kumweleza. “Mzee wangu, naomba nikuulize juu ya ubeti wa tatu” ni mlango uliokuwa wazi siku zote. Nimewaona wazee wakiupokea kwa furaha kubwa, kwa sababu ilikuwa zamani mno tangu mtu awasome hivyo. Nawaomba wanaoendesha makundi waliwekee hili kanuni: mkubwa akiweka kazi yake kwenye chalenji, ameiweka isomwe kama za wengine.

Hatari za chalenji zipo, na baadhi nitazipitia haraka. Pakiwa na kura, watu huanza kuandika kwa ajili ya kura: mwisho wa kushtua kila wiki, kifo kila wiki, usaliti wa ndoa kila wiki. Afadhali pasiwe na kura. Upo pia wizi: mtu ananakili hadithi yako, anafuta jina, anaisambaza, na baada ya siku mbili inakurudia kwenye simu ikiwa ya “mwandishi asiyejulikana”. Andika jina lako ndani ya kazi yenyewe, na uhifadhi tarehe ya kuiandika. Vilevile majarida na tuzo nyingi huihesabu kazi iliyowekwa hadharani mtandaoni kuwa imekwisha kuchapishwa, kwa hiyo ile unayoiwekea matumaini makubwa soma masharti kabla hujaiweka popote. Kuhusu wanaoiagiza kompyuta iwaandikie, nasema tu kwamba wamejinyima kitu pekee ambacho chalenji inagawa bure, yaani yale masaa ya kutafuta wazo la tatu.

Na usiyatundike maandishi yako kwenye kundi moja ukadhani litakuwapo milele. Mwaka 1999 huko San Francisco, Marekani, watu 21 walikubaliana kuandika kila mmoja riwaya kwa mwezi mmoja. Jambo hilo likakua na kuitwa NaNoWriMo, lengo likawa maneno 50,000 katika mwezi wa Novemba, na kwa miaka mingi watu mamia kwa maelfu duniani walilishiriki. Mwaka 2025 taasisi iliyoliendesha ikatangaza kufunga shughuli. Walioandika riwaya zao wanazo. Waliokuwa na mazoea ya kuandika nao wanayo.

Kwa Kiswahili tuna ushahidi wetu wa nguvu ya siku ya mwisho. Katika shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958 alishinda Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 na kumleta Bwana Msa, mpelelezi na kiko chake, kwa wasomaji wetu. Tangu katikati ya muongo wa 2010 tuna tuzo iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, inayopokea miswada ya riwaya na diwani za Kiswahili. Hayo ni mashindano ya mwaka, yanayotaka mswada kamili. Kijana wa Kigoma au wa Kilifi ambaye hajamaliza hata hadithi moja ataufikiaje mswada kamili? Anahitaji mahali pa kumaliza kitu kidogo, asomwe, amalize kingine. Makundi ya ushairi tunayo mengi. Ya hadithi ni machache, na mengi huchangamka kwa majuma mawili, yakageuka ukumbi wa kutumiana video.

Basi nakuomba uanzishe moja. Usikusanye watu mia mbili. Tafuta wenzako wanne ambao wakikuahidi jambo hulitimiza, mkawa watano. Jumatatu mmoja wenu atoe kidokezo, wiki ijayo mwingine. Hadithi ziingie kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni, maneno 70, kila moja na jina la mwandishi. Siku tatu zinazofuata ni za kusoma tu, na kila mmoja aandike sentensi mbili kwa kila mwenzake, zikionyesha mahali pamoja katika hadithi. Asiyesoma wenzake wiki hii asiweke yake wiki ijayo. Kanuni hiyo msiilegeze hata kwa admini.

Na kama huna kidokezo cha kuanzia, chukua hiki: nyumba imefungwa kufuli kwa nje, na ndani redio inasikika. Wazo la kwanza liache.